Wenye sedani za kizee za kifahari njooni hapa: mnazipendea nini hasa?

KAKA WA TABATA (mwenye uzi)

Wakuu habari za usiku huu. Naandika nikiwa nimekaa ndani ya gari nje ya geti langu mwenyewe, injini nimezima, vioo vimepanda, ni dakika kama 20 sasa na bado sijaingia ndani. Wife ameshachungulia dirishani mara mbili. Mara ya pili alikua na uso wa mtu anayetaka kuuliza kitu ila ameamua kukitunza.

Kisa chenyewe ni hivi. Nina Toyota Crown Royal Saloon ya 2005, ile wanaiita Zero Crown, chasisi GRS180, V6 ya cc 2500. Nilinunua 2018 kwa mzee mmoja alikua anastaafu anarudi kwao Iringa, na siku ya kunikabidhi funguo yule mzee aliizunguka gari mara tatu akaipigapiga boneti kama mtu anayemuaga ng'ombe wake. Nilicheka kimoyomoyo. Sasa yananikuta mimi.

Shemeji yangu, mdogo wake wife, kijana wa mahesabu sana, ameniletea mteja anakuja Jumamosi. Milioni 9 na nusu keshi. Mpango wake niongezee kidogo nichukue IST, kale kagari kadogo ka Toyota, nipumzike na mafuta. Na hoja zake zote ziko sawa, sina hata moja ya kupinga, kwenye foleni ya Mandela Crown inakunywa kama imetoka jangwani, mtoto wa kwanza anaingia sekondari mwakani, spea sio za kuokota kila kona. Halafu akaniuliza kitu kimoja tu, "kwani shem unaipendea nini hasa hii gari?" Wakuu nilibaki natoa macho. Miaka yote hiyo na sina jibu.

Sasa nawauliza nyie wenye Crown, Mark II, Benzi za zamani, Brevis, Celsior na ndugu zao. Mnapendea nini? Msiniambie "heshima" maana heshima yenyewe siku hizi iko kwenye Prado. Nataka jibu la kumpa dogo kabla ya Jumamosi.

Nianze mimi na la kijinga. Zile feni za AC pale katikati zinacheza zenyewe kushoto kulia kushoto kulia, taratibu, kama mtu anakupepea. Basi. Na kingine yule dada wa Kijapani ukiwasha gari anaongea sentensi moja kwa adabu hivi. Mwanangu wa mwisho ana miaka 5, yeye anaamini yule dada anamwamkia. Kila asubuhi anamjibu "marahaba".

Mchungu Kidogo

Uza.

NESI WA ZAMU

Kaka usiuze, nisikilize kwanza mimi.

Nina Mark II GX100 ya 1998, niko nayo Dodoma, injini 1G silinda 6 zimejipanga mstari mmoja. Cc 2000 tu, na watu wananicheka eti silinda 6 kwa cc 2000 ni sawa na kuajiri watu 6 wabebe ndoo moja. Sawa, ila hao 6 wanaibeba hiyo ndoo bila maji kuruka. Ikiwa sailensa, yaani inanguruma tu imesimama, unaweza kusimamisha shilingi juu ya kifuniko cha injini, mimi nimefanya, mbele ya kaka zangu waliokua wanabisha.

Sasa la kwako la kukaa nje ya geti. Mimi nafanya kazi zamu za usiku wodini. Nikitoka asubuhi kichwa kinakua bado kimejaa sauti, mashine, wagonjwa, ndugu wa wagonjwa, viatu kwenye korido. Naingia kwenye gari nafunga mlango. Ule mlango ukijifunga hausemi "kwaaa" unasema "dup". Na baada ya hapo hakuna kitu. Nakaa kama robo saa hivi sifanyi chochote hata simu sishiki, ndo naondoka. Nyumbani nikifika kuna watoto kuna mama mkwe kuna tivii. Hapo katikati ndo pangu mimi.

Niliwahi kuazimwa kagari kadogo kapya wiki moja yangu ikiwa gereji. Hakana kosa lolote. Ila nilikua nafika nyumbani na wodi yote nimeibeba.

BEI YA JIONI

Nasoma huku nacheka. Ngoja niwape hesabu maana naona mmeanza kulia.

Hiyo Crown ilipokua mpya Japani ilikua inauzwa zaidi ya yeni milioni 3, ni gari ya bosi. Mjapani akaitumia, kule gari mpya inapelekwa ukaguzi baada ya miaka 3 halafu kila miaka 2, na kila ukaguzi ni hela, ikifika miaka 13 kodi yake ya mwaka nayo inapanda, basi mwenye nayo anaona isiwe tabu anaipeleka mnadani. Wewe huku unaipata kwa bei ya bajaji mbili unajiona umemlalia Mjapani. Hujamlalia mtu. Bei ya kununua imeshuka lakini bei ya kutunza haina habari kama gari imezeeka! Wotapampu haijui kwamba wewe ni mmiliki wa nne. Ni gari ya bosi na inataka kulishwa kama ya bosi, na wewe sio bosi, wewe ni kaka wa Tabata.

IST unaenda nayo popote fundi yoyote hata wa chini ya mwembe anaijua. Ukitaka kuuza leo saa 4 saa 8 hela unayo mkononi. Hilo ndo gari. Nyingine zote ni mahaba.

KAKA WA TABATA

Mkuu hesabu yako siipingi hata kidogo. Ndo maana nimesema sina jibu.

Ila Nesi umenigusa. Nyumba yangu ni ya kupanga, upande mmoja kuna baa, upande wa pili kuna jamaa anachomelea mageti mpaka saa 3 usiku. Ndani watoto wanne. Nimejaribu kukumbuka ni wapi pengine huwa nakaa mahali kimya mlango umefungwa na sijapata. Hata chooni wanagonga.

FUNDI GEREZANI

Habari wadau. Mimi ni fundi miaka 17 sasa na hizi gari ndo zinanilisha kwahiyo msinione napendelea.

Kwanza mwenye uzi, injini yako ni 4GR, D-4. Maana yake petroli inapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda haipiti juu ya valvu kama injini za zamani, sasa ile petroli ndo ilikua inazisafisha zile valvu, hapa hakuna wa kuzisafisha basi zinashika masizi na gari ikiwa sailensa inaanza kutetemeka, mwenye nayo anakimbilia kubadilisha plagi, hamna kitu, anabadilisha koili, hamna kitu, anaenda kwa mganga. Fungua manifoldi safisha valvu kaka. Pili hizo 4GR pistoni ringi zinachoka zinakula oili, ukikaa miezi mitatu bila kuchomoa stiki ya oili utalia. Tatu wotapampu zake zinavuja, ukiona alama za rangi ya pinki (ndo kulanti, majimaji ya kupozea injini) zimekauka upande wa mbele wa injini ujue imeshaanza. Nne gia boksi inataka oili inaitwa WS, watu wanaimwagia yoyote nyekundu wanayouziwa halafu wanakuja kwangu "fundi gari ni mbovu". Gari sio mbovu. Na tano, naomba niseme kwa herufi kubwa, MAJI YA BOMBA SIO KULANTI.

Sasa kwanini wanazipenda? Mimi nina kipimo changu. Mteja wa gari ndogo akija anasema "fundi inagonga". Imeshagonga mwezi mzima yeye aliongeza tu sauti ya redio. Mteja wa Crown au Benzi anakuja anashuka anafunga mlango taratibu anainama anakunong'oneza, "fundi, kuna kasauti." Kasauti! Tunapanda wote, tunazunguka mpaka Kamata tunarudi, mimi sisikii kitu, yeye anasema "hapo hapo, umeskia?" Na mara nyingi yuko sahihi, unakuta bushi imeanza kuachia. Mtu anayeijua gari yake hivyo huwezi kumwambia auze. Ni kama umwambie mtu auze goti lake.

MWANA WA MVITA

Assalam aleikum jamaa. Mimi niko Mombasa, na nyinyi wote ni vijana tu hapa, gari langu ni Mercedes 240D ya mwaka 1982, W123, dizeli. Lilikuwa la babangu. Nguvu farasi 72. Ndiyo, sabini na mbili, na mwili ule wote. Kupanda daraja la Nyali kuna watu wa miguu nawajua kwa majina.

Gari hili limebeba mabibi harusi wa mtaa wetu sijui wangapi. Babangu hakuwa tajiri, alikuwa karani bandarini, alilinunua mitumba kwa mzungu aliyekuwa anahama. Lakini ilikuwa ada, harusi ikiwa ya mtu wa mtaani Benzi la Mzee linatoka, halikodishwi, mafuta tu ndiyo mtatia nyinyi. Sasa W123 mambo yake mengi ni ya vakyumu, yaani nguvu ya kunyonya hewa, kufunga milango ni vakyumu, na hata kuzima injini ni vakyumu kwa vile dizeli haina plagi ya moto ya kukata. Ukivuja mpira mmoja tu ndani ya mlango basi wageuza ufunguo, wautoa, watia mfukoni, na injini yaendelea kunguruma.

Basi siku hiyo tumefika kwa kina bwana harusi, tarumbeta limenyamaza, shekhe yuko tayari kusoma dua, na Benzi halizimiki! Dugudugudugu. Watu wananitazama. Bibi harusi ndani anacheka mpaka shela latikisika. Babangu, kanzu nyeupe, kofia ya vito, alisimama pole pole kwenye kiti, akaja akafungua boneti, kuna kijiti kidogo juu ya injini kimeandikwa STOP, akakibonyeza kwa kidole kimoja, kimya. Akafunga boneti, akapangusa kidole, akarudi kukaa. Dua ikasomwa.

Mzee amefariki miaka kumi sasa. Huo mpira wa vakyumu wauzwa bei ya chai na mandazi. Sijautengeneza mpaka leo. Kila nikifika nyumbani nafungua boneti nabonyeza kile kijiti.

NESI WA ZAMU

Mwana wa Mvita umeniliza jamani asubuhi asubuhi.

BEI YA JIONI

Hata mimi hapo nimekaa kimya. Ila hiyo ni kumbukumbu ya marehemu, sio gari. Mwenye uzi Crown yake hajarithi kwa baba, kainunua kwa mstaafu wa Iringa.

RONGAI X

Niaje wasee wa Bongo. Kenya hapa tuna shida tofauti kidogo, sheria yetu gari ikishapita miaka 8 hairuhusiwi kuingia nchini, so hizo Zero Crown zilizoko huku ni zile zile ziliingia zamani, haziongezeki, zinapungua tu. Mimi niko na Mark X GRX120 ya 2006, injini ni ile ile 4GR ya mwenye uzi. Na Toyota waliifunga Mark X kabisa 2019. Hakuna ingine inakuja. So mimi naona niko na kitu yenye wengine watakuja kutafuta na hawatapata.

Lakini wacha niseme ukweli, huku Mark X imeharibiwa jina na vijana. Ukiwa nayo karao (polisi) anakusimamisha kabla hujafanya kosa. Kuna kampuni moja ya bima sitaitaja, iliniambia gari imezeeka komprehensivi hawaandiki tena, chukua ile ya thadi pati uende. Mimi ni mwalimu wa kemia, naendesha 80, niko na viti vya watoto nyuma.

Na ile kitu iko 180? Hizi gari zetu za Japani zimefungwa kilomita 180 kwa saa, zikifika hapo zinakataa. Nilisomea hiyo kwa mtandao, sijawahi fika. Ndo raha yenyewe sasa. Najua iko hapo na sina haja nayo. Mtu akinipita na kagari kanalia kama mashine ya kusaga, mimi namwacha apite. Ungenipa gari dhaifu ningeshindana na kila mtu, najijua.

ALIYEWAHI NAGOYA

Mwenye uzi samahani, naleta habari ambayo huenda usiipende. Niliishi Nagoya miaka 4 kwa masomo. Yule dada hamwamkii mtoto wako.

Anasema "kadi ya ETC haijaingizwa." Kule barabara kuu za kulipia gari nyingi zina kamashine kadogo, unachomeka kadi ukipita getini hela inakatwa bila kusimama. Gari yako ilikuja nayo haijatolewa. Kwahiyo tangu 2018 kila asubuhi dada wa watu anakukumbusha kuchomeka kadi ya barabara ya Japani na mtoto wako anamwambia marahaba.

Ila nikuongezee na kizuri. Crown kule ina historia ndefu, ya kwanza ilitoka 1955. Mwaka 1983 walikua na tangazo lililobaki vichwani mwa watu mpaka leo, maneno yake kwa Kiswahili ni kama "siku moja, Crown". Yaani unaanza na Corolla, unapanda kidogo kidogo, unazeeka, siku moja utafika. Hiyo ya kwako ilipotoka Desemba 2003 waliigeuza karibu yote, wakaacha ile injini ya silinda 6 za mstari wakaweka V6, ndo wakaiita Zero, kuanza upya sifuri. Mzee wa Kijapani aliyeinunua yako inawezekana aliisubiri maisha yake yote. Alipofika umri wa kurudisha leseni ikaenda mnadani.

KAKA WA TABATA

Dah. Kadi ya ETC. Nimecheka mpaka wife kaja kuuliza kuna nini. Simwambii mtoto.

Hilo la mzee wa Kijapani nalo limenikaa. Maana nilipoinunua kwenye kiboksi cha katikati chini kabisa kulikua na hirizi yao ile ya kitambaa imeshonwa na kauzi, mzee wa Iringa hakuitoa na mimi sikuitoa. Iko mpaka leo. Nyuma kwenye siti kuna zile nguo za lesi nyeupe. Redio FM inaishia 90, ya Kijapani hiyo inaanza 76, kwahiyo kabla sijafungiwa kile kidude cha kupanua bendi nilikua nasikiliza stesheni tatu nne tu za chini. Ramani mpaka kesho inajua niko baharini. Ukiiwasha inaonyesha kamshale kanazunguka kwenye bluu tupu.

MZANZIBARI MASKATI

Salaam zenu. Mie niko Maskati, huku mafuta si kilio kama huko kwenu kwa hivyo msinihesabie kwenye hilo. Gari yangu Lexus LS 400 ya 1998, V8 lita 4, usukani kushoto. Vijana wangu wamenunua jipu za mkopo, wanakuja kwangu Ijumaa wananambia baba badilisha. Nawapeleka kula mishkaki kwa hiyo hiyo, wakirudi wote wamelala nyuma vinywa wazi. Nawaambia kwenye jipu zenu mnalala hivi? Kimya.

Nyie mnasema kimya kimya, basi nikwambieni kimya kile kilivyotafutwa. Mwaka 1983 mkubwa wa Toyota Eiji Toyoda aliuliza watu wake wanaweza kutengeneza gari bora kupita zote duniani au hawawezi. Miaka sita walikaa nayo, magari ya majaribio kama 450, LS 400 ya kwanza ikatoka 1989. Injinia mkuu Ichiro Suzuki hakutaka ile tabia ya kuziba kelele kwa masponji. Alisema kelele ikatwe pale inapozaliwa, shafti inyooke, kila chuma kikae sawasawa, halafu ndo mambo ya masponji. Wamarekani walionyeshwa kwenye tangazo, gari imewekwa juu ya rola matairi yanazunguka mbio mbio, na juu ya boneti limepangwa piramidi la glasi za shampeni. Hata moja haikuanguka.

Tabu ipo msije mkasema sikusema. Hii ya 1998 ina taimingi belti na ikikatika valvu zinakutana na pistoni, ndo mwisho wa habari. Mimi nabadilisha kabla ya muda, gereji za Wadi Kabir pale wananijua, nikiingia tu wanasema hajji kaja na bibi yake.

FUNDI GEREZANI

Hajji umesema vizuri, kelele inakatwa pale inapozaliwa. Hilo ndo watu hawaelewi. Wanafikiri kimya cha Crown kiko kwenye milango. Milango ni sehemu tu, ina mipira miwili badala ya mmoja. Injini yenyewe imekalia mauntingi zenye majimaji ndani, chini ya kapeti kuna tabaka la lami zito, hata kioo cha mbele sio sawa na cha gari ndogo.

Sasa mtu mauntingi imekufa anaenda kununua ya feki ya mpira mkavu, anafunga, gari inatembea vizuri kabisa hakuna taa yoyote kwenye dashibodi. Ila kimya kimeondoka. Anaanza kuichukia gari hajui kwanini, mwezi unaofuata anauza. Nimeziona nyingi sana. Watu wanadhani wamechoka na gari kumbe wamechoka na mauntingi.

BEI YA JIONI

Haya nimewaelewa. Mnalipia chumba. Kaka wa Tabata kapanga chumba cha tatu, kina matairi, kodi yake analipa sheli. Sio ubaya. Ila ungepiga hesabu ungeona ni chumba ghali kuliko Masaki.

Na Jumamosi usisahau kutuambia.

NESI WA ZAMU

Wewe Bei ya Jioni unaendesha gari gani?

BEI YA JIONI

Hilo halihusiani na mada.

NESI WA ZAMU

Gari gani?

BEI YA JIONI

Brevis. Ya 2003. Ni ya muda tu.

RONGAI X

😂😂😂 aki huyu jamaa

MWANA WA MVITA

Ya muda tangu lini, bwana?

BEI YA JIONI

2014.

KAKA WA TABATA

Wakuu nimerudi, Jumamosi imepita.

Mteja alikuja saa 4 asubuhi na shemeji. Kijana mpole tu, anataka kuoa Novemba. Akazunguka gari, akafungua boneti akaangalia kama anasoma Kichina, akafunga. Nikampa funguo. Mwanangu alikua kasimama barazani, gari ikawaka, dada akasema yake, mtoto akapaza sauti "marahabaaa". Yule kijana akauliza anasema nini huyo? Wakuu ningeweza kumwambia kadi ya ETC. Nikasema anakuamkia.

Tukatoka, mteja anaendesha, shemeji mbele, mimi nyuma. Ndo nikagundua kitu, miaka yote hii sijawahi kukaa nyuma kwenye gari yangu. Hata siku moja. Kumbe huko ndo kwenyewe. Goti haligusi kitu, lesi imekaa begani, Buguruni yote inapita nje, wauza matunda, bodaboda, konda anapiga bati, midomo inafunguka na sauti haifiki. Nikajikuta namuonea wivu mzee wa Iringa ambaye alikua na dereva.

Sasa tumefika pale kwenye mataa, taa ya cheki injini ikawaka, gari ikaanza kutetemeka. Shemeji kashika kichwa. Mteja katoa mguu kama kakanyaga moto. Na mimi huko nyuma, Mungu anisamehe, nilifurahi. Sijawahi kufurahia cheki injini maishani mwangu. Tulivyorudi kijana kwa adabu akasema anaweza kutoa milioni 7 kwa hali ile. Nikamwambia kwa hali ile mimi mwenyewe nisingetoa hata 5, nenda ukatafute kitu kizuri uoe kwa amani. Shemeji hajaongea na mimi mpaka leo ila kala ugali wangu.

Jibu la swali lake sikumpa. Nilijaribu kumwelezea habari ya kimya akaniangalia tu.

Usiku nikakaa tena nje ya geti kama kawaida. Dakika kama kumi hivi mlango wa nyuma ukafunguka, wife kaingia na kanga zake, kavua ndala, kanyoosha miguu. Hajasema kitu. Nikasubiri aanze ya ada ya shule. Hajaanza. Baadae sana ndo akauliza, "hivi hii siti inalala?" Haijawahi kunijia kuangalia. Tukatafuta kitufe kwa tochi ya simu.

Fundi Gerezani, kesho niko kwako. Inatetemeka ikiwa sailensa, ikitembea inatulia kidogo, taa imewaka haizimi. Na mbele ya injini nimechungulia kweli kuna pinki imekauka.

FUNDI GEREZANI

Koili moja imekufa hiyo, na masizi juu yake. Njoo saa 2 kabla sijajaza watu. Koili usininunulie ya used ya Ilala, nunua mpya.

KAKA WA TABATA

Sawa mkuu. Na wotapampu?

FUNDI GEREZANI

Ilete tu.